Waliokosa Kuta: Historia ya Faragha Pwani

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 akifuatana na Askofu Tozer, na muda si mrefu akajikuta ana kazi aliyoipenda kweli: kukusanya maneno. Aliuliza, akasikiliza, akaandika, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha Kiswahili cha Unguja ambacho wageni walikitegemea kwa miongo mingi. Pamoja na ngeli na misamiati, hakuacha kutaja kinyume, ile namna ya kuichukua silabi ya mwisho ya neno na kuipachika mwanzo. Chakula huwa lachaku, mbuzi huwa zimbu, nyumba huwa mbanyu. Mwenye mazoea huyamimina maneno hayo kwa kasi, na aliye karibu naye, hata awe mjuzi wa Kiswahili kiasi gani, hubaki anakodoa macho.

Watoto walikuwa wakichezea kinyume, na wapo wanaokijua hata leo. Lakini watu wazima nao walikuwa na haja nacho. Mji wa Unguja wa wakati wa Steere ulijaa watu wasio na mahali pa kunong'ona. Mjakazi alilala alipopangiwa na bibi yake, mchukuzi alilala bandani na wenzake, mke wa mvuvi alitengwa na jirani kwa ukuta wa fito na udongo. Mwenye jambo lake alilazimika kulisema mbele za watu, kwa hiyo alitafuta njia ya kulisema wasilielewe.

Historia ya faragha katika pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi na wasanifu majengo na wachimbuaji wa mambo ya kale, na wana haki yao, maana mawe hudumu. Ila mawe yalikuwa ya wachache. Walio wengi walijisitiri kwa nguo na kwa maneno, na anayetaka kujua walichokuwa nacho moyoni hana budi kutafuta huko.

Tuanze na mawe hata hivyo, kwa kuwa bila kuyajua hatuwezi kujua waliokuwa nje yake walikosa nini. Huko Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948 magofu ya mji uliokuwa umeachwa tangu karne ya 17. Alikuta nyumba zimebanana, ukuta kwa ukuta, na ndani kabisa ya baadhi yake kuna vyumba vya hazina visivyo na mlango. Mtu aliingia kwa tundu lililo juu ukutani, akapanda kwa ngazi na kushuka upande wa pili. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba tajiri wa Gedi hakutaka watu wajue ana nini.

Nyumba ya mawe ya Lamu, ambayo msanifu majengo Usam Ghaidan aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 1975, ilificha zaidi ya mali. Mgeni anaanzia daka, kibaraza kilichochongwa mlangoni chenye viti vya mawe pande zote mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba alipoongea na wanaume wenzake, alipopatana bei, alipokunywa kahawa. Akiupita mlango mgeni anakuta tekani, na tekani haimpeleki moja kwa moja: kuna kona, ili mlango ukiwa wazi jicho la mpita njia ligonge ukuta. Kisha ni kiwanda, ua usio na paa. Kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki mita 3 hivi: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Kila chumba kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia, na kila kipandio ni ruhusa nyingine. Muuza samaki aliishia mlangoni. Ndugu wa mume huenda akafika kiwandani. Ndani aliingia mume, watoto, wanawake wa ukoo, na watumishi.

Huko ndani kulikuwa na zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu ukutani, vikiwekwa sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina. Linda Donley-Reid, mtafiti aliyefanya kazi Lamu miaka ya 1980, aliambiwa na wenyeji kwamba vyombo vile vilikuwa zaidi ya pambo, kwani vilizuia pia jicho la husuda. Inaeleweka. Chumba hicho ndicho alimoonyeshwa bi harusi, na nyuma yake palikuwa na nyumba kati, chumba kidogo chenye giza palipooshwa maiti. Mambo makubwa ya mwanadamu yote yalitendeka hatua chache kutoka kwenye zidaka, na hakuna hata moja lililoonekana barabarani. Ukuta wa chini unaotazama kichochoro haukuwa na dirisha. Mgeni wa kulala alipewa sabule, chumba kilichotengwa na maisha ya wenyeji. Na wanawake waliotaka kutembeleana walivuka kwa wikio, daraja lililounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, wasikanyage ardhi ya mji kabisa.

Mawe hayo yalikuwa na sheria yake ya maneno pia. Anayekuja kwa watu hupiga hodi, husubiri, hupiga tena, na ya tatu isipoitikiwa hurudi alikotoka. Adabu hii inafuata mafundisho ya Kiislamu, na Sura ya An-Nur ina aya zinazoihusu moja kwa moja, pamoja na zile zinazotaja nyakati tatu za siku ambazo hata watoto na watumishi wa nyumbani wanatakiwa kuomba ruhusa kwanza. Kwa hiyo kuta zilikuwa nusu ya ulinzi, na nusu nyingine ilikuwa miguu ya mgeni mwenyewe kukubali kusimama.

Hesabu za kuta ziliweza kuharibika, na mfano wake maarufu ulitokea Mji Mkongwe. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliishi jirani na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, na paa la nyumba ya Mjerumani lilikuwa chini kidogo ya lake. Kutoka dirishani kwake aliweza kuona karamu za Wazungu. Mwaka 1866 akiwa mjamzito alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akaenda Aden, akaolewa mwaka uliofuata na kuwa Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake alizotoa kwa Kijerumani mwaka 1886 alieleza mengi ya ndani ya jumba la baba yake, likiwemo hili: mabinti walifundishwa kusoma tu, naye akajifunza kuandika kwa siri. Mwaka 1859, akiwa msichana wa miaka kama 15, mkono huo ulimfanya kuwa katibu wa njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka mwingine, Majid. Kalamu mkononi mwa mwanamke ilikuwa chumba ambacho hakuna aliyekuwa na ufunguo wake.

Salme aliacha kitabu. Waliombebea maji ya kuoga hawakuacha.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wanaosifu majumba ya Lamu na Unguja hulipita haraka mno. Nyumba ile yenye hatua nyingi za ruhusa isingeweza kukaliwa bila watu ambao hawakuhitaji ruhusa, kwa kuwa hawakuhesabiwa. Bibi asiyetoka nje alihitaji wa kumletea samaki, maji, kuni na habari. Watumwa waliingia ndani usiku na mchana, walijua nani kalala wapi, nani kalia, nani hajashika mimba mwaka wa tatu sasa. Wao wenyewe hawakuwa na hata pazia. Faragha ya mwungwana ilijengwa kwa chokaa, mawe na macho ya mtu aliyekatazwa kuwa na siri yake.

Serikali ya Kiingereza iliipa nguvu tofauti hiyo kwa karatasi. Amri ya Aprili 1897 ya kukomesha hali ya utumwa Unguja na Pemba iliwaruhusu watumwa kudai uhuru, lakini iliwaacha masuria, wale wanawake watumwa waliowekwa na mabwana zao kama wake. Hoja ilikuwa kwamba mambo ya nyumbani ya watu yasiingiliwe. Masuria walingoja hadi mwaka 1909. Kwa miaka 12, sheria iliyopita mashambani na bandarini ilifika kwenye kizingiti cha ndani ikapiga hodi, na kwa kuwa aliyestahili kuitika alikuwa bwana mwenyewe, ikarudi. Kila anayetetea faragha ya nyumba hana budi kueleza kwanza ni faragha ya nani.

Nje ya nyumba, daraja za watu zilisomwa mwilini. Mtumwa shambani alivaa merikani au kaniki. Mjini baadhi ya wajakazi waliitwa wapambe na walivishwa vizuri, ila kwa fahari ya bibi waliyemfuata nyuma. Bibi mwenyewe, akiwa Lamu, alitoka ndani ya shiraa, nguo kubwa iliyotandazwa mfano wa hema juu ya vijiti, vijakazi wakiishikilia huku na huku. Alikuwa amehamisha chumba chake na kutembea nacho mjini. Utumwa ulipokoma katika pwani ya Kenya mwaka 1907 wa kuishika shiraa wakaadimika, na ikatoweka taratibu.

Kilichokuja badala yake kiligeuza mambo. Buibui, nguo nyeusi isiyohitaji mshikaji, ilienea Unguja na Mombasa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji wazee wengi wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, kwa ajili ya kitabu chake kuhusu Unguja baada ya utumwa, ameonyesha jinsi wanawake waliozaliwa utumwani walivyoishika nguo hiyo kwa hamu. Mama zao walikuwa wamenyimwa haki ya kujisitiri, sasa binti alipita Darajani na hakuna aliyejua mama yake ni nani. Bila shaka wapo waliogundua faida nyingine. Nyeusi ya mwungwana na nyeusi ya mzalia zilifanana, na nyeusi ya anayekwenda msibani ilifanana na ya anayekwenda asikopaswa.

Lakini buibui linaficha tu. Kwa ajili ya kusema, wanawake wa pwani walipata kanga.

Asili yake inabishaniwa na Mombasa na Unguja hadi leo, na ubishi huo si wa kumalizwa hapa. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake walinunua leso zilizoletwa na Wareno zikiwa jora zima, wakakata vipande sita na kuvishona kwa mistari miwili ya leso tatu tatu, wakapata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo ya aina hiyo ikiwa imeshapigwa chapa, yenye pindo kuzunguka pande zote na mji katikati. Mmoja wao alikuwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887, na ambaye alama yake, K.H.E. Mali ya Abdulla, ingali inaonekana kwenye kanga za Biashara Street. Hatimaye likaja jina, yaani maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi. Kwa miongo mingi kanga zilipigwa chapa India, Ulaya na Japani kwa ajili ya soko la pwani, na viwanda vya nyumbani kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968, vilifuata baadaye. Fundi wa mbali alichapa maneno ambayo hakuweza kuyasoma, na maneno hayo yakatua uani kwa mtu na kuanza vita.

Tazama jinsi inavyofanya kazi. Mwanamke anasikia kwamba jirani kasema jambo juu yake. Hagombi, maana mgomvi hupungukiwa heshima. Anakwenda dukani, anauliza majina yaliyotoka, anachagua. Kesho yake anaanika nguo mkabala na dirisha la jirani, au anapita kwenda kisimani, na nyuma yake pameandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Jirani ameelewa. Lakini afanye nini? Akiuliza, ataambiwa kanga ni kanga, nimeipenda rangi. Akikasirika, amekiri kwamba maneno yamempata. Mtafiti Rose Marie Beck, katika maandishi yake kuhusu kanga, ameweka uzito kwenye jambo hilo hasa: nguvu ya kanga ni kwamba aliyeivaa anaweza wakati wote kukana kuwa amesema kitu. Ujumbe umefika na hauna aliyeutuma.

Siyo vita peke yake. Mume anayeona haya kutamka neno la mapenzi humnunulia mkewe doti na kuliacha jina limsemee. Mama humpa binti aliyeolewa mbali kanga yenye nasaha ambayo mkwe akiisoma hataona ubaya. Wema hauozi, kwa mfano, huweza kuwa shukrani, au lawama kwa aliyesahau fadhila, kutegemea nani kampa nani na baada ya nini. Maneno ni yale yale kwenye kanga zote zilizouzwa wiki hiyo, maana ni ya watu wawili tu. Kwa mtu asiyekuwa na chumba cha kujifungia wala elimu ya kuandika barua, na ambaye angelazimika kusomewa barua na mtoto wa jirani aliyekwenda shule, hiyo ilikuwa posta yenye siri kuliko ile ya serikali.

Taarabu ilifanya kazi ya jamaa yake kanga. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880 na kuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911, aliimba kwa Kiswahili mambo yaliyokuwa yakinong'onwa Ng'ambo: waume wapigaji, mahakama zilizoelemea upande wa wenye nacho, wanawake waliodhulumiwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, akiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kutoka sehemu hizi, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Nyimbo nyingi zilikuwa mafumbo, na waliojua habari yenyewe walikaa wakitazamana. Siti alipofariki mwaka 1950 sahani zake zilikuwa zimefika mbali, zikipigwa na watu ambao hawakujua waliosemwa ni akina nani. Tanga, miaka mingi baadaye, mtafiti Kelly Askew aliona jambo hilo likifanywa na hadhira yenyewe: mwanamke anangoja ubeti unaomfaa, anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu hadi kwa mwimbaji, na kwa kumtunza hapo hapo anakuwa ameutia ubeti ule sahihi yake. Anayesemwa yupo kiti cha tatu. Ukumbi mzima unajua, na hakuna aliyetaja jina.

Ubaya ni kwamba mji uliojua kusema kwa siri ulijua pia kufichua kwa makusudi. Vyama vya ngoma ya lelemama vya Mombasa, ambavyo mwanahistoria Margaret Strobel aliviandikia kitabu mwaka 1979, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuumbuana. Ibinaal Watan na Banu Saada walikuwa miongoni mwa vyama hivyo. Mwanamke aliyepatikana na kashfa angeweza kuikuta ndani ya wimbo wa mahasimu, ikiimbwa mbele ya mtaa. Wapo waliosema hiyo ni njia ya kulinda maadili. Ni kweli pia kwamba aliyeimbwa hakupewa nafasi ya kujibu hadi chama chake kitunge wimbo wa pili.

Na mchongezi naye alikuwa na hukumu yake: kusutwa. Aliyekwenda kusema nyumba hii maneno ya nyumba ile, akathibitika, aliweza kuamka siku moja akawakuta wanawake mlangoni pake, mhusika akiwa mbele, wasindikizaji nyuma, mara nyingine na ngoma. Anaulizwa mbele ya mashahidi: ulisema au hukusema? Uswahilini Dar es Salaam desturi hii haijafa. Mtu anaweza kuiona ni fujo, na mara nyingi huwa fujo kweli. Lakini kabla ya kuwepo sheria yoyote ya kumlinda mtu wa kawaida dhidi ya anayesambaza habari zake, ndiyo mahakama pekee aliyoweza kuifikia kwa miguu na bila ada.

Kuna watu waliokuwa na siri za kila mtu na hawakuzitoa: makungwi na masomo, wanawake waliowafunda wanawali. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliandika sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, na humo mna mafunzo ya wanawali. Strobel naye anaeleza kwamba Mombasa ngoma za makungwi ziliingia kwa wanawake watumwa waliotoka kusini, na baadaye wake wa waungwana wakajiunga nazo. Fikiria mpinduko huo: mwanamke asiyekuwa na nafasi ya kujifunika ndiye akawa mwalimu wa mambo ya kitandani kwa binti wa nyumba ya zidaka, na binti huyo akamheshimu maisha yake yote. Strobel, pamoja na Sarah Mirza, alirekodi pia masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili miaka miwili baadaye. Mmoja wao, wa ukoo wa watumwa, alikuwa katika shughuli hizo. Anasimulia ndoa, kazi na ngoma kwa uwazi wa kupendeza, na msomaji mwangalifu ataona pia alipoamua kunyamaza.

Karne ya 20 ilipohamishia watu Dar es Salaam, mambo yakawa magumu kwa namna nyingine. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni, kama J. A. K. Leslie alivyoieleza katika uchunguzi wake wa mji uliotolewa mwaka 1963, ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na nyuma ua wenye jiko na choo cha wote. Chumba kimoja kilikuwa cha familia moja, na huenda majirani wa mlango wa pili walitoka kabila lingine, mkoa mwingine, dini nyingine. Penye nyumba isiyo na dari, kuta za vyumba huishia chini ya bati au makuti, na sauti hupita juu yake bila kizuizi. Wapangaji wakajifunza adabu mpya. Unasikia na hukusikia. Unakutana asubuhi uani na mtu aliyepigwa usiku, mnasalimiana, mnaulizana hali, njema. Pazia la mlangoni likachukua kazi ya tekani, na redio ikafunguliwa sauti ya juu kwa sababu ambazo hazikuhusu muziki. Redio hiyo hiyo ilileta kadi za salamu za Radio Tanzania, ambapo mtu aliwasalimu ndugu, jamaa na wote wanaomfahamu, orodha ndefu, na ndani ya orodha hiyo jina moja ndilo lililokuwa na sababu.

Ukimya huo ulikuwa na gharama, na waliolipa zaidi walikuwa wanawake. Siri ya nyumba haitoki, aliambiwa kila bi harusi, na pigo ni sehemu ya siri. Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya miaka ya 1980 na kutoa kitabu mwaka 1998, aliwaona wanawake wakiwa katika mtego huo: mke mwema huvumilia kimya, lakini kesi haiendi bila kusimulia yaliyotokea chumbani. Walisimulia. Na wengi walishinda kesi zao. Kitendo cha kusema mbele ya kadhi, kwa sauti, mambo ambayo kwa vizazi yalipitia kwenye pindo la nguo, ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana katika mafaili.

Baadaye ilikuja kamera. Heike Behrend, katika utafiti wake kuhusu picha pwani ya Kenya uliotoka mwaka 2013, anaonyesha jinsi wanawake Waislamu walivyokwenda studio kwa furaha katika miongo iliyotangulia, kisha wengi wakarudi nyuma walipoona picha ina miguu yake yenyewe. Kwenye kupamba, sherehe ya bi harusi inayohudhuriwa na wanawake pekee, wageni huvua mabuibui mlangoni, na siku hizi mara nyingi hutakiwa kuacha simu hapo hapo. Sheria imefuata nyuma. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, inataja hifadhi ya nafsi ya mtu, familia yake, unyumba wake, maskani yake na mawasiliano yake, na Katiba ya Kenya ya 2010 ina ibara ya 31. Sheria za kulinda taarifa binafsi zilipitishwa Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Kwa mara ya kwanza, mpangaji wa chumba kimoja Buguruni ana kwa maandishi kile ambacho mwungwana wa Lamu alikuwa nacho kwa mawe. Kama anakipata kwa vitendo ni habari nyingine.

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Lamu kuna nyumba ya makumbusho ambamo mgeni hulipa kiingilio na kutembea kutoka daka hadi ndani kwa dakika chache, akipita ruhusa zote bila kupiga hodi. Kanga nazo zimekusanywa na majumba ya makumbusho, hata ya Ulaya. Zimeandikwa mahali zilipochapwa na tafsiri ya jina. Kinachokosekana karibu kila mara ni nani aliinunua, ampe nani, baada ya ugomvi gani au mapatano gani, na bila hayo kanga ni kitambaa kizuri tu. Habari hizo zimo vichwani mwa wazee, nazo hupotea siku ya msiba, sanduku linapofunguliwa na doti kugawiwa ndugu. Mwenye bibi au nyanya aliye hai na sanduku lake bado limejaa, akae naye, atoe kanga moja moja, aulize ilitoka wapi na ilimwendea nani, aandike mwaka na jina la mtaa. Atakazokataa kuzieleza zikunjwe zirudishwe sandukuni.